Bunduki ya Thelathini na Mbili

Mtu asije akaniambia bunduki zote zinafanana. Nimelinda ghala la silaha la studio ya filamu hapa Minsk miaka thelathini na minne, silaha za kweli kabisa, zilizotobolewa mitutu ili zisiweze tena kuua. Bunduki moja ina kovu, nyingine imechongwa jina la msichana na askari mpumbavu, ya tatu inakwama kila mvua ikinyesha. Nilizijua kwa namba na kwa tabia. Juu ya mlango wa ghala niliandika kwa mkono wangu: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na miaka yote hiyo haikupotea hata moja.

Ndiyo maana Radzim alinijia mimi. Radzim ni daktari wa meno, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, ana mke na gari, halafu akitoka kazini badala ya kupumzika anakaa mbele ya kompyuta na wenzake kutambua silaha zilizotumika kwenye filamu za zamani za Kisovieti. Wanasimamisha picha, wanaikuza, wanatukanana. Watu wazima na ndevu zao wanagombania mwaka wa kutengenezwa kwa gobori! Nilimcheka, lakini nilimkaribisha. Alikuja na keki.

Walikuwa wamekwama kwenye filamu moja, *Njia ya Matete*, tuliyopiga kiangazi cha mwaka sabini na nne kwenye kinamasi cha Vepravichy. Inahusu wapiganaji wa msituni wanaovuka kinamasi mwaka arobaini na mbili, Wajerumani wakiwa nyuma yao. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, mgeni kazini, na silaha zote za filamu ile zilipita mikononi mwangu.

"Shangazi Leokadia," Radzim alisema, akifungua kompyuta juu ya meza yangu ya jikoni, "kuna silaha tatu hazijulikani."

"Hazijulikani kwenu nyie. Washa."

Nikamtajia moja moja. Ile namba yake inaishia na saba. Ile ilinivunja ukucha. "Na hiyo fupi hapo ni ya mwaka arobaini na nne. Mwaka arobaini na mbili hata mimba yake ilikuwa haijatungwa. Nilimwambia mwongozaji, akanijibu eti watazamaji wataangalia nyuso. Haya, na wewe leo unaangalia nini?" Radzim alicheka hadi chai ikampalia.

Kisha tukafika kwenye kuvuka kinamasi. Ni picha moja ndefu, dakika mbili hivi, haikukatwa popote. Watu wanapita mmoja nyuma ya mwingine, maji kiunoni, kila mtu kainua bunduki juu ya kichwa kwa mikono miwili. Kuhesabu ni rahisi, hata mlevi angeweza.

"Thelathini na moja," nilisema kabla sijaangalia. "Nilitoa thelathini na moja, nikapokea thelathini na moja."

"Hebu hesabu, shangazi."

Nikahesabu kwa kidole juu ya kioo, Radzim akilalamika kwamba namchafulia. Thelathini na nne. Nikarudia. Thelathini na nne. Mimi nikiogopa hukasirika, marehemu mume wangu alilijua hilo vizuri, kwa hiyo nilimgeukia daktari wa watu. "Umeichezea hii picha!"

"Mimi nang'oa meno tu, shangazi. Haki ya Mungu sijagusa kitu."

Wale watatu wa mwisho ndio walikuwa wamezidi. Bunduki zangu zote zilipita kwa mafundi wa jeshi baada ya vita, zikapakwa vanishi, kwa hiyo zikilowa zinang'aa. Zao hazikung'aa. Mikanda yangu ilikuwa ya turubai, yao ilikuwa kamba, na mmoja alifungia hatamu ya farasi. Chini ya kila kitako mimi mwenyewe nilitia doa la rangi nyeupe, na kwa kuwa zimeinuliwa juu, doa linaonekana. Thelathini na moja zilikuwa na doa.

Radzim ndiye aliyeona jambo la maji. "Angalia hapa," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya mtu anayecheza. Kinamasi kile kimefunikwa na majani madogo ya kijani yanayoelea. Watu wangu wakipita, majani yanapasuka, yanafunga nyuma yao. Wale watatu walipita na majani hayakutikisika. Yalikuwa yamewakumbatia viuno, yametulia tuli.

Bunduki ya thelathini na mbili ilikuwa imevunjika shingo ya kitako, ikafungwa kwa kibati cha shaba chenye nusu ya mhuri wa duara. Aliyeibeba alikuwa ameipa kamera kisogo.

"Labda ni wanakijiji," nilisema. "Wamejichomeka na bunduki zao."

"Mwaka sabini na nne? Na bunduki nzima? Si wangeozea jela?"

Alisema kweli. Ndipo yakaanza kunirudia. Siku ile mwongozaji msaidizi, Artur, alinifuata akifoka: "Wale watatu wa nyuma ni wa nani? Mimi nimepanga thelathini na mmoja!" Nikamwambia apunguze pombe. Na mpishi wetu Paraska, mama mnene asiyejua kusema uongo, alinung'unika jioni nzima. Kulikuwa na watu watatu wameketi mwisho wa gogo, akawapa bakuli za uji wa ngano nyeusi, na bakuli zikabaki zimejaa. "Watu wa kujazia filamu wakaache chakula! Umeshawahi kuona, Leokadia?" Sikuwahi. Wale hula mpaka sufuria inaomba msamaha.

Kulikuwa na jambo jingine pia, la kwangu mimi, na hilo sikumwambia Radzim. Nitalisema likifika zamu yake.

Radzim alibandika picha ya kile kibati kwenye ukurasa wao, gazeti moja la wilaya likaichukua. Wiki tatu baadaye akapokea simu. Sauti ya bibi kizee ilimwambia, bila hata salamu: "Hicho kipande ni cha samawari yetu."

Alikuja kwa basi kutoka Vepravichy, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye shali. Jina lake Hanna, miaka sabini na mitano, mfupi, macho makali. Alikataa kuvua koti. Alitua mzigo wake juu ya meza, akafungua shali. Ilikuwa samawari ya shaba, lile birika kubwa la kuchemshia maji ya chai, mhuri wa medali za kiwanda umezunguka tumboni, na ubavuni tundu la ukubwa wa kiganja lililokatwa kwa mkasi wa bati. Tundu lilikuwa limekata medali moja katikati. Radzim akasogeza ile picha pembeni yake. Nusu huku, nusu kule.

"Nilikuwa na miaka mitano," Hanna alisema. "Baba yangu ni Timafei Rahovich. Bunduki yake ilivunjika shingo, akakata samawari ya mama. Ya mahari! Mama alimkimbiza uwanja mzima na kitambaa cha kudekia, sisi watoto tunacheka. Siku ya pili yake akaondoka na wageni wawili, mateka waliotoroka, majina yao hata hatukuyajua. Hakurudi. Wiki hiyohiyo Wajerumani wakaigundua kambi ya msituni. Watu wakasema: Timafei kawauza, yuko upande wa pili, anavaa kitambaa cheupe mkononi cha polisi wa Wajerumani. Mama alitemewa mate kisimani. Kwenye jiwe la kumbukumbu kuna majina sitini na mawili. Lake halimo."

Nikamsogezea chai. Hakuigusa.

"Unajua usiku wa wazee wetu, Dziady," aliendelea. "Unaandaa meza, unafungua mlango, unawaita wafu wako kwa majina waje kula. Asiyeitwa haji. Mama aliwaita wote, ila baba hakumwita hata mara moja, maana ukimwita mtu aliye hai pamoja na wafu, umemuua. Akafa bila kumwita. Na mimi sijamwita. Miaka sabini huyu mtu hayuko kwa wazima, hayuko kwa wafu, na ana njaa. Nataka jina lake liandikwe kwenye jiwe, nimwite ale, na mimi nife zangu. Sina jingine."

Radzim akamwonyesha ile picha. Hanna alisogeza uso hadi pua ikakaribia kioo.

"Ni yeye?"

"Uso sijauona. Lakini lile bega la kushoto limepanda juu. Ni baba." Akanigeukia. "Hii filamu mlipiga lini?"

"Sabini na nne," nikasema. Hanna akafanya ishara ya msalaba, akafunga samawari yake taratibu.

Tulianzia kwa mwenyekiti wa halmashauri ya kijiji, maana jiwe liko chini yake. Kijana mwenye tai. Aliangalia ile picha, akacheka. "Bibi, hii si filamu? Kwenye filamu hata wafu wanatembea! Niletee mfupa, niletee chuma, nitaandika. Picha ya sinema siandiki." Hanna alitoka bila kuaga. Nje alikaa kwenye ngazi akalia kwa hasira, na kilio cha mtu mzima wa namna hiyo hakivumiliki.

Hapo ndipo nilipokaa kando yake nikasema lile la kwangu.

"Dada Hanna, mimi baba yako nilimwona."

Jioni ile ya mwaka sabini na nne, jua la Juni lilikuwa bado liko juu. Nilikuwa nimetandika turubai, kila mtu anakuja, anataja namba, analaza bunduki, natia alama. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka hesabu haijatimia, ndiyo iliyokuwa kanuni. Thelathini na moja zikatimia. Nikainua kichwa, nikaona amesimama mtu mwingine. Wenzake walikuwa wameshabadili nguo, yeye alikuwa amelowa chapachapa. Alikuwa ameilaza bunduki juu ya mikono miwili, ananikabidhi. Nikaona kibati cha shaba, nikatafuta doa jeupe, hakuna.

"Hii si yangu," nilimwambia.

"Niandike, binti," alisema.

Nilikuwa nimechoka, mbu wananila, halafu nilikuwa na kiburi cha ajira mpya. "Haimo kwenye daftari, haimo," nikamjibu. "Asiyekuwepo na lake halipo. Irudishe ulikoitoa."

Hakukasirika. Aliangalia daftari langu kidogo, kisha akageuka akaenda, na hakuelekea kijijini. Alielekea majini. Mimi nikadhani anajua njia ya mkato. Nikafunga daftari, nikala, nikalala fofofo. Hilo la kulala fofofo ndilo linaloniaibisha kuliko yote.

Hanna alinisikiliza mpaka mwisho. "Alikuita binti?"

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa hivyo naye." Akafuta pua kwa kiganja. "Mpumbavu wewe."

"Ni kweli, dada."

"Basi inuka, mpumbavu. Utatuonyesha alikoelekea."

Huku kwetu mtu hachimbi mifupa ya vita kwa jembe lake. Kuna kikosi cha jeshi chenye kazi hiyo. Radzim aliandika barua, mimi nikachora ramani, na Oktoba wakaja na kapteni wao, mtu mpole mwenye mafua. Aliniuliza nina hakika gani baada ya miaka karibu arobaini. Nikamwambia kamera ilikuwa juu ya kilima kidogo kikavu penye mti wa gome jeupe uliogawanyika, na mbao za jukwaa tulizipigilia wenyewe. Tukaenda. Mti ulikuwa umeanguka, lakini visiki vya jukwaa vilikuwapo, na misumari yake. Nilisimama pale ilipokuwa kamera, nikanyoosha mkono kumwonyesha yule mtu alikopotelea. Askari wakaingia na fimbo zao za chuma, wakichoma tope hatua kwa hatua.

Siku ya pili fimbo iligonga.

Walikuwa watatu, kina cha mita mbili, karibu karibu. Tope la kinamasi haliozeshi kama udongo, kwa hiyo viatu vilikuwapo, kamba zilikuwapo. Kila mmoja alikuwa na mzigo wa fito zilizochongwa ncha na kufungwa kitambaa chekundu kichwani. Kapteni alizishika, kisha akamgeukia Hanna. "Mama, hizi ni alama za njia. Walikuwa wanatafuta pa kuvukia, waje wawatoe wenzao kambini." Hanna aliitikia kwa kichwa. Hakulia. Alinyoosha mkono tu, na askari akamwekea kiganjani kile kibati.

Kesho yake aliingia ofisini kwa mwenyekiti, akatua samawari mezani juu ya makaratasi yake, akakichomeka kibati kwenye tundu. Kiliingia kikasema kap. Medali ikawa nzima. Mwenyekiti alivua miwani. "Jina la baba yako linaandikwaje?" aliuliza, na safari hii alikuwa amesimama.

Wale wawili hawakuwa na karatasi wala chochote cha kuwatambulisha. Walizikwa naye, kwenye kaburi moja la pamoja, na ubao ulioandikwa *Hawajulikani*.

Dziady iliangukia Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Hanna alitualika mimi na Radzim. Nyumba yake ni ya magogo, jiko la udongo linanguruma, mezani chapati za viazi, uyoga, na sufuria ya uji wa ngano nyeusi, maana niliuomba mwenyewe. Kabla hatujakaa nilitoa mfukoni daftari langu la mwaka sabini na nne. Ghala lilipofungwa walitaka kulichoma daftari hilo, nikaliiba. Waje wanikamate. Chini ya thelathini na moja nikaandika: *Thelathini na mbili. Bunduki ya Mosin ya zamani, shingo imefungwa kibati cha samawari. Imepokelewa. Timafei Rahovich.*

Hanna akafungua mlango, baridi ikaingia. Aliwaita babu zake, bibi zake, mama yake. Kisha akavuta pumzi. "Baba," aliita. "Timafei. Njoo ule."

Tulikaa tukala. Kulikuwa na bakuli la ziada na kijiko mwisho wa meza. Sikutazama upande ule, sitakudanganya, niliogopa. Tulipomaliza Hanna alikwenda kulichukua, akaliinamia, akaliangalia kwa muda mrefu. Halafu akatugeuzia tuone. Lilikuwa limekwanguliwa hadi chini.

"Shangazi," Radzim alisema kwa sauti ndogo. "Naomba nione ile picha." Alifungua kompyuta palepale kati ya sahani. Tukaangalia wote watatu, vichwa vimegusana.

Watu wakavuka, mmoja nyuma ya mwingine, maji kiunoni. Nilihesabu kwa kidole, na safari hii Radzim hakulalamika. Thelathini na mmoja wangu, wenye bunduki za doa. Pa thelathini na mbili palikuwa maji matupu, majani ya kijani yamefunga. Nyuma ya hapo walikuwa wale wawili. Radzim alikuwa ameiona picha ile mara mia, mimi mara kumi, na hawakuwahi kugeuka. Sasa waligeuka. Nyuso za vijana, hawafiki miaka ishirini na mitano. Walikuwa wameshusha bunduki zao kutoka juu ya vichwa, na wamezilaza juu ya mikono miwili, wakitukabidhi.

Hanna alishika mkono wangu. "Tutawaitaje? Majina hatuna."

Nilichukua kalamu, nikaandika thelathini na tatu, na chini yake thelathini na nne, mahali pa majina nikapaacha wazi. Yeye akainuka, akapakua bakuli mbili, akaziweka mwisho wa meza karibu na mlango uliokuwa bado wazi.

Nikasema kwa sauti, mbele ya daktari msomi, bila haya:

"Leteni, wanangu. Napokea."